Rafiki yangu alikataa hongo akauawa, nami nikaitoa ili faili yake ipatikane

SWALI

Mpendwa mshauri,

Nimesoma safu hii kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba siku moja nitaiandikia. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, nina mke na watoto wawili, na ninaishi Umoja. Mwezi wa Aprili nilimpoteza rafiki ambaye nilimfahamu tangu tukiwa na miaka saba, wakati milango ya kwetu na ya kwao ilipokuwa ikitazamana katika mtaa wa Jericho. Jina lake sitalitaja. Sisi tuliokua naye tulimwita Mwalimu, kwa sababu nyumba zetu hazikuwa na nafasi ya kusomea, naye alikuwa akitukusanya jioni chini ya taa ya barabarani na kutufafanulia hesabu kwa chaki juu ya saruji.

Alipokuwa mtu mzima alisomea uhasibu, akaajiriwa katika afisi moja ya umma hapa Nairobi. Mwaka jana aliteuliwa kuingia katika kamati ya kukagua na kupokea bidhaa zinazoletwa na wenye zabuni. Alikuwa mtu wa kutunza risiti. Hata risiti ya mkate aliikunja, akaandika nyuma yake ilikuwa ya nini na siku gani, akaitia kwenye pochi mpaka pochi ikawa haifungi. Tulimcheka sana kwa tabia hiyo. Mwezi wa Februari aliletewa hati atie sahihi kwamba matangi 60 ya maji yamepokewa, naye alipokwenda ghalani kuyahesabu aliyakuta 22. Akakataa kutia sahihi. Kwanza walimsihi, kisha wakamwahidi pesa, na hatimaye mtu mmoja akamkumbusha kwamba watoto wake bado ni wadogo. Mambo haya yote alinieleza kwa jumbe za sauti, saba kwa jumla, ambazo bado ninazo kwenye simu yangu. Katika ule wa mwisho anacheka, anasema, "Watanihamisha tu, ndugu yangu, zaidi ya hapo hawana la kunifanya."

Siku tisa baada ya ujumbe huo, Ijumaa usiku, alipigwa risasi mbili akiwa hatua chache kutoka langoni mwake, baada ya kushuka kwenye matatu. Polisi walisema ni majambazi. Begi lake la kazini na simu vilichukuliwa, lakini pochi iliyokuwa na shilingi 1,400 ilibaki mfukoni. Mimi na kaka yake mkubwa ndio tuliokwenda mochari kumtambua. Nilimtambua kwa soksi kabla ya kumtazama uso, kwa sababu moja ilikuwa imeshonwa kidoleni kwa uzi mwekundu, na uzi huo nilikuwa nimeuona wiki iliyotangulia alipovua viatu sebuleni kwangu. Baadaye, vitu vyake vilipoachiliwa, tulipewa bahasha yenye ufunguo, kitambaa cha mkononi na ile pochi ya risiti. Mkewe aliniomba nikae na pochi hiyo kwanza kwa kuwa hawezi kuitazama. Iko ndani ya droo yangu mpaka leo.

Siku ya mazishi, mkubwa wake wa kazi, ambaye Mwalimu anamtaja katika jumbe mbili kati ya zile saba, alisimama mbele ya jeneza akasoma rambirambi kuhusu uaminifu wa marehemu, kisha akaikabidhi familia bahasha ya mchango. Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa kimya. Niliponyanyuka kutaka kuzungumza, kaka yake marehemu alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba mimi ni rafiki tu, niwaachie wenye mtu.

Wiki mbili baada ya mazishi nilikwenda kituoni kuuliza uchunguzi umefika wapi. Afisa niliyemkuta alisema faili haionekani. Baada ya muda alisema kwamba ingeweza kutafutwa, ila gari halina mafuta, na wapelelezi nao ni binadamu. Nilielewa alichotaka. Nilimpa shilingi 3,000. Alizikunja, akazitia mfukoni mwa shati, akapiga simu, na kabla sijainuka kitini faili ilikuwa mezani. Ilikuwa na kurasa mbili. Nilipotoka nje nilishikwa na kichefuchefu, nikatapika kando ya mtaro.

Mshauri, rafiki yangu alikataa kuuza sahihi yake, nami nilinunua kurasa mbili zinazohusu kifo chake, na kwa pesa zile hakuna risiti. Tangu siku hiyo sijaweza kulia. Usiku naamka saa tisa, navaa vifaa vya masikioni na kusikiliza zile jumbe saba mpaka kunakucha. Mke wangu ananiomba nizifute kabla hazijatuletea maafa, na simlaumu, kwa maana watoto wetu nao bado ni wadogo. Je, nizifute? Je, nina haki gani ya kulifuata jambo hili wakati mimi ni rafiki tu, tena rafiki aliyetoa hongo?

Rafiki Aliyebaki,
Umoja, Nairobi

JIBU

Ndugu yangu,

Pole sana kwa msiba huu. Barua yako niliisoma jioni, nikaiweka, nikaisoma tena asubuhi kabla ya kuanza kuandika, kwa sababu majonzi yako yamechanganyika na woga na aibu kiasi kwamba si rahisi kujua fundo lifunguliwe upande gani.

Nitaanza na maneno "rafiki tu", ambayo uliambiwa mara moja na kaka yake marehemu na tangu hapo umekuwa ukijiambia mwenyewe. Wazee walisema kilio huanzia mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kwa desturi zetu mfiwa ni mke, mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Fungua gazeti kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo utaona mpangilio ulivyo: mume wa fulani, baba wa fulani, shemeji ya fulani, mjomba wa fulani, na marafiki, ikiwa wametajwa, wanaingizwa mwishoni pamoja na wengine wengi. Kazini nako, aliyefiwa na mzazi hupewa siku zake bila maswali, ilhali aliyefiwa na rafiki huomba nusu siku akarudi mchana na vumbi la makaburini kwenye viatu. Sizilaumu desturi hizi, kwa kuwa ndizo zinazohakikisha kwamba kila mtu anazikwa na watu wake. Lakini mitaa ya Nairobi imelea watu kwa namna ambayo orodha hiyo haiwezi kuieleza. Mtoto aliyekulia Jericho alikula kwa jirani, akachapwa na jirani, akafundishwa hesabu na mtoto wa jirani chini ya taa ya barabarani. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha mwezi wa Juni 2024 waliporudi barabarani mwaka uliofuata kuwakumbuka waliouawa, wengi walibeba picha za watu ambao hawakuwa ndugu zao wa damu, na sidhani kwamba yupo aliyethubutu kuwaambia kilio kile si chao. Wewe uliyemtambua mtu kwa uzi mwekundu wa soksi ni mfiwa. Kaka yake siku ile alikuwa na jeneza mbele yake na mkubwa wa watu pembeni yake, na huenda alikuwa akikulinda zaidi ya kukufukuza. Usimwekee kinyongo, wala usiendelee kujipa cheo alichokupa kwa dakika ile moja.

Sasa nije kwenye zile shilingi 3,000, ambazo naona ndizo zinazokutesa kuliko hata jumbe za sauti. Lugha yetu imeipa hongo majina mengi ya upole. Tunaiita chai, tunaiita kitu kidogo, na vituoni mara nyingi inaitwa mafuta. Anayeombwa mafuta haambiwi kwamba ananunua haki yake mwenyewe. Anaambiwa gari limekauka, na kwa kuwa ni kweli kwamba vituo vingine hukosa petroli, uongo huo unamezeka kwa urahisi. Tumbo lako lilikataa kuumeza. Sichukulii kutapika kwako kando ya mtaro kuwa ugonjwa. Naamini mwili wako ulilitambua jambo lile kwa jina lake halisi wakati mdomo wako ulikuwa bado haujapata neno.

Sitakudanganya kwamba hukufanya kosa. Sheria ya kukabiliana na hongo ya mwaka 2016 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji pamoja na mpokeaji, na kwa sababu hiyo nakusihi usiandike taarifa popote kuhusu pesa zile kabla ya kuketi na wakili. Hata hivyo, unapojilinganisha na Mwalimu unayapima mambo mawili yasiyolingana. Yeye aliombwa atie sahihi kwamba matangi 38 ambayo hayakuwepo yapo, ili pesa za umma zilipwe kwa kitu kisichokuwepo. Wewe uliombwa ulipie faili ambayo ni wajibu wa polisi kuitunza na kuishughulikia bila malipo, tena uliombwa wiki mbili baada ya kumzika mwenzako, na mtu aliyejua vizuri kwamba huna nguvu za kubishana. Yeye alitakiwa aibe, na wewe uliibiwa. Kukataa kwake hakujafutwa na kutoa kwako. Hati ile haina sahihi yake na haitakuwa nayo kamwe. Ukihisi kwamba umemsaliti, mkumbuke mwenyewe alivyokuwa, uniambie kama mtu aliyewarudishia watoto wenzake chaki pale walipokosea hesabu angekufungia mlango kwa hesabu hii moja.

Lakini usilipe tena. Utakaporudi kituoni, usiende peke yako. Nenda na mtu wa familia au na wakili, uwe na nambari iliyoandikwa katika kitabu cha matukio siku ya tukio, yaani ile ambayo sote tunaiita nambari ya OB, na umwombe kila afisa unayezungumza naye jina lake na nambari yake ya kazi. Andika tarehe, saa na maneno mliyoambiana katika daftari, ukiwa bado hapo kituoni. Ukiombwa mafuta, sema kwamba utarudi na ombi hilo likiwa limeandikwa. Mara nyingi ombi la namna hiyo huyeyuka linapotakiwa kuwekwa kwenye karatasi, na lisipoyeyuka, basi umepata ushahidi.

Kuhusu zile jumbe saba, usizifute. Nalisema hili nikijua kwamba mke wako atalisoma, na nataka ajue kwamba namheshimu. Woga wake una msingi, na mtu akikuambia kwamba nchini humu shahidi hana la kuogopa, huyo hakutakii mema. Sote tunakumbuka yaliyotokea Juni 2016. Josephat Mwenda, mwendeshaji wa bodaboda, alikuwa amelalamika kwamba alipigwa risasi na afisa wa polisi, na wakili Willie Kimani alikuwa akimtetea. Tarehe 23 mwezi huo walitekwa nyara baada ya kutoka mahakamani Mavoko, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwabeba, Joseph Muiruri, na siku chache baadaye miili yao ikatolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Dereva yule hakuwa na kesi na mtu yeyote. Lakini kesi ile haikuishia mtoni. Wakiwa kizuizini, Kimani aliandika kwa haraka kwenye kipande cha karatasi ya chooni akiomba mkewe apigiwe simu, karatasi ikatupwa nje, na mpita njia akaiokota badala ya kuikanyaga. Mwezi wa Julai 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa akiwapasha habari, na Februari 2023 mmoja wa maafisa hao alihukumiwa kifo, wengine wakapewa vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Ilichukua zaidi ya miaka sita. Sikupi mfano huu ili kukutia moyo kwa haraka, kwa kuwa zipo faili nyingi ambazo hazijafika popote. Nakupa ili wewe na mkeo mjue kwamba hatari ni ya kweli na njia pia ni ya kweli, na kwamba mambo hayo mawili yanapaswa kupangwa pamoja, mezani, watoto wakiwa wamelala.

Jinsi ya kupanga ni hivi. Simu yenye jumbe hizo iache kama ilivyo. Usiiuze, usiitengeneze upya, usibadilishe chochote ndani yake. Usimtumie mtu yeyote jumbe hizo, hata rafiki wa karibu, na hasa usiziweke katika kikundi cha WhatsApp cha kamati ya mazishi, maana kutoka pale zitamfikia unayemwogopa kabla hazijamfikia hakimu. Mahakama zetu zinakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini sheria ya ushahidi, katika kifungu cha 106B, inataka uambatane na hati inayothibitisha ulitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Wakili atajua namna ya kuiandaa. Nakala moja ikae kwake, katika bahasha iliyofungwa, ili usalama wa ushahidi usitegemee simu iliyo mfukoni mwako. Jambo hilo peke yake linapunguza sababu ya mtu kukufuata wewe.

Fahamu pia kwamba jambo unaloliita moja kwa kweli ni mambo yanayokwenda katika milango tofauti. Wizi wa matangi ni kazi ya EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo inapokea taarifa hata kutoka kwa mtu asiyetaja jina lake. Faili iliyopotea na kupatikana kwa shilingi 3,000 ni jambo la IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza mwenendo wa polisi. Mauaji yenyewe yanachunguzwa na polisi, lakini Katiba, katika kifungu cha 157, inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze, na wakili wa familia anaweza kumwandikia kuomba hivyo. Anaweza pia kuomba uchunguzi wa chanzo cha kifo ufanywe hadharani mbele ya hakimu, na mashahidi waitwe. Pochi iliyoachwa na pesa zake wakati begi la kazini lilichukuliwa ni swali ambalo hakimu angetaka lijibiwe. Ukifika wakati wa wewe kutoa ushahidi, ipo sheria ya kuwalinda mashahidi ya mwaka 2006 na lipo shirika linaloitekeleza, na ombi la ulinzi huwasilishwa mapema, kabla jina lako halijasomwa mahali popote. Hakuna haja ya kukimbia kana kwamba mlango utafungwa mwezi ujao, kwa sababu mashtaka ya mauaji hayana muda wa kuisha nchini Kenya.

Nakuonya jambo moja. Jumbe zile zinaonyesha kwamba Mwalimu alishinikizwa na kutishwa, na hilo ni zito. Hazionyeshi nani alifyatua risasi wala nani alimtuma, kwa hiyo usimtaje mtu kuwa muuaji, wala baa, wala kanisani, wala kwa sauti ya chini kwa kaka yake. Mkubwa yule aliyesoma rambirambi amekuumiza, nami niliposoma sehemu ile niliiacha barua kwa muda. Lakini kimya chako siku ile kilikuwa cha busara kuliko unavyofikiri. Aliyesimama mbele ya jeneza akausifu uaminifu wa marehemu amesema hadharani, mbele ya mashahidi wengi, kwamba mtu huyu hakuwa na doa kazini, na itakuwa vigumu kwa yeyote wa afisi ile kugeuka kesho na kudai vinginevyo. Liandike hilo nalo kwenye daftari lako.

Lolote utakaloamua, mjane awe mbele. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya mwaka 2014 inataka waathiriwa waarifiwe na wasikizwe katika kesi, na sauti yake na ya wazazi wa marehemu itafungua milango ambayo yako haitafungua. Isitoshe, yeye ndiye atakayebaki na watoto katika lango lile lile. Kama hayuko tayari mwaka huu, wewe tunza simu, daftari na bahasha ya wakili, umsubiri. Akina mama wa Mathare na Dandora waliopoteza watoto wao kwa risasi wamekuwa wakikutana na kusindikizana mahakamani kwa miaka kadhaa sasa, na wengi wao hawakuanza siku ya mazishi. Walianza siku miguu yao ilipoweza kuwabeba.

Nimeandika mengi kuhusu afisi na sheria kwa sababu uliniuliza, lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile saa tisa ya usiku. Umesema hujalia tangu siku ya kituoni. Naona umeyaahirisha machozi mpaka kesi iishe, kana kwamba huna haki ya kumlilia mtu ambaye bado hujamtendea haki. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe zamani, nilipokuwa mwalimu kijana, na mwenzangu wa chumba cha walimu alipouawa na wezi wa magari. Nilizunguka na barua kwa mwaka mzima, nikajulikana katika kila kaunta, na siku moja mwanafunzi aliponiuliza yule mwalimu alikuwa mtu wa namna gani sikuweza kukumbuka kicheko chake. Nilichokumbuka ni nambari ya faili. Kilinirudia baadaye, lakini ule mwaka sikuupata tena.

Kwa hiyo ipe faili siku yake, kwa mfano Jumanne moja kila mwezi, na siku nyingine usiiguse. Simu ile ikishapata nakala kwa wakili, izime na uiweke mbali na kitanda. Sauti ya mtu anayetishwa, ikisikilizwa kila usiku saa tisa, inakuwa ndiyo sauti pekee aliyowahi kuwa nayo, na wewe unajua kwamba alikuwa na nyingine kwa zaidi ya miaka 30. Tafuta mtaalamu wa ushauri nasaha. Hospitali kubwa za umma zina kitengo hicho, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya husikiliza watu kwa simu bila malipo kupitia nambari 1199. Mwambie yule utakayezungumza naye kuhusu zile pesa pia, kwa sababu aibu iliyofichwa ndiyo inayokuamsha. Waite na wale wengine mliosomea chini ya taa ile. Kama kaka yake alikuzuia kuzungumza siku ya mazishi, hakuna anayeweza kuwazuia kukutana Jericho Jumamosi moja jioni, kila mtu aseme alilonalo, mlie bila mwongozaji wa sherehe.

Halafu ipo ile pochi. Wakili aione kwanza, aipige picha pamoja na kila kilichomo, maana huenda ikahitajika. Baada ya hapo si ya droo yako. Mwulize mjane kama yuko tayari, na akiwa bado, mwulize tena baada ya miezi michache. Siku atakapokubali, nenda nayo nyumbani kwake mchana, watoto wakiwepo, mzitoe zile risiti moja moja na kusoma alichoandika nyuma yake. Kati yake kutakuwa na ya mkate, na ya nauli ya kifurushi, na pengine ya sare ya shule au ya kalamu za rangi. Watoto watauliza ilikuwa siku gani hiyo, na wewe kwa nyingi kati ya siku hizo ulikuwepo.

Mshauri wako